Picha ya Jela ya Ndugu Estill

Katika Kaunti ya Tolby, ukitaka kujua nani alikamatwa jana, utapita kwa Verlene Gayheart, upende usipende. Kuna tovuti ya sherifu, ambayo watu huifungua alfajiri kabla hawajafungua Biblia, na anayeijaza ni Verlene. Kuna dirisha la kumbukumbu pale mahakamani, ghorofa ya chini, kati ya choo na mashine ya soda, na anayekaa nyuma yake ni Verlene. Na kuna stoo ya maboksi ya zamani, ambako Sherifu Kirby, kijana wa juzi tu, aliingia mara moja akatoka mbio na panya begani. Huko haingii mtu tena ila Verlene.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na ishirini na minane kati ya hiyo ameimaliza kwenye dirisha lile. Mwanamke mfupi, mnene wa kiasi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na sauti kubwa kuliko ofisi yenyewe. Picha za mahabusu pia alizipiga yeye, tena kwa utaratibu wake. Kabla hajabonyeza, alikupa kitana na kitambaa kibichi.

"Pangusa uso huo. Mama yako ataiona kesho kabla ya chai."

"Nimelewa, Bi Verlene."

"Naona. Basi lewa umechana nywele."

Ndiyo maana watu wa Tolby hutoka vizuri kwenye picha za jela kuliko kwenye leseni zao, na wako waliozitumia hata kutafutia wachumba. Sitamtaja mtu.

Dirishani hapakosi watu. Mwenye duka anataka kuajiri, anapita. Binti kaalikwa na mvulana wa bonde la kijito cha pili kwenda kula baga, na kabla hajajibu bibi yake ameshapita. Kila anayechukua kumbukumbu huandikwa kwenye daftari kubwa lililofungwa kwa mnyororo juu ya kaunta: jina lake, na jina na kosa la aliyemtafuta kama yalivyo kwenye kadi. Daftari nalo ni mali ya umma, kila mtu ana haki ya kulisoma. Na aliyeitumia haki hiyo bila kukosa siku hata moja ni Burchell Fugate, kinyozi mstaafu, aliyefika kila saa mbili asubuhi na kahawa yake na skonzi yenye yai katikati, akalisoma daftari toka juu mpaka chini kama barua ya mchumba. Alichosoma Burchell saa mbili, saa tatu kilikuwa kituo cha petroli, na saa nne kimefika Kijito cha Pigeon kimeongezwa chumvi.

Wengi walimwomba Verlene awafichie. Alikuwa na jibu moja tu: "Karatasi ya umma ni ya umma. Hata Kelby wangu yumo." Na kweli yumo. Mwaka ule vidonge vya kulevya vilipoenea kaunti nzima, walimleta mwanawe mwenyewe, kapigwa pingu. Verlene akampa kitana na kitambaa, akampiga picha, akaandika jina lake bila kukosea herufi, kisha akaingia chooni akalia mpaka watu wakaongeza redio kwa heshima. Leo Kelby anatengeneza malori, ana watoto watatu, na kila Jumapili yuko kwa mama yake anakula maharage na mkate wa mahindi. Lakini kadi yake ipo, na ndiyo maana hakuna mtu Tolby mwenye mdomo wa kumwambia Verlene "nisaidie hapa kidogo."

Basi Jumanne moja ya mwezi wa kumi, Orpha Begley, mjane wa miaka sabini na minane wa Kijito cha Pigeon, alichungulia mlangoni, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Ameondoka yule redio?"

"Burchell? Kaenda kutangaza. Karibu, Shangazi Orpha. Nani wenu kakamatwa?"

"Mume wangu."

Verlene akavua miwani. Dorsey Begley alikuwa kaburini tangu mwaka sabini na tisa, dari la mgodi wa makaa lilipomshukia.

"Shangazi, dawa zako umekunywa leo?"

"Nimekunywa dawa, nimekunywa na kahawa, na akili yangu ni nzima kuliko yako. Alikamatwa mwaka sitini na saba, mwezi wa sita, siku tatu kabla ya harusi yetu. Chupa nne za gongo chini ya kiti cha gari. Akalala kwa Sherifu Ples Combs usiku mmoja. Alinisimulia mwenyewe tumeshaoana, akicheka mpaka akadondoka kitandani. Na mtu akilala jela si hupigwa picha?"

"Hupigwa."

"Ndiyo hiyo naitaka."

Akavuta kiti, akakaa, mkoba mapajani. Picha za Dorsey zilikuwa nne tu duniani, alisema. Tatu kwake, moja kwa shemeji yake Estill, jirani yake wa hatua mia mbili. Mafuriko ya mwaka jana yalipita nyumba zote mbili usiku mmoja, yakachukua ukuta, jiko, kuku na picha. Watoto hawakujaliwa. Shule Dorsey aliiacha kabla wapiga picha hawajaanza kufika huko, jeshini alikataliwa kwa ajili ya mguu, na kampuni ya mgodi ilishafunga ikaondoka na makabati yake.

"Zamani nikifumba macho nilikuwa namwona," Orpha akasema. "Sasa nikifumba naona shati. Lile la bluu, naliona mpaka vifungo. Lakini juu ya kola hakuna mtu. Nimejitahidi, Verlene. Usiku na mchana nimejitahidi. Nimeishi na yule mtu, nikamzika, siwezi kufa nimemsahau sura."

Verlene akainama kwenye droo. Akajifanya anatafuta kalamu.

"Nitashuka stoo," alisema mwisho. "Nikiipata, tutaandika daftarini. Si kabla."

"Andika hata kwenye paji la uso wa Burchell. Mradi uipate."

Kutafuta mtu kwenye maboksi ya Sherifu Ples si mchezo. Marehemu Ples hakuamini alfabeti. Begley walikuwa wamejaa kaunti nzima, na kati yao Begley wanane waliitwa John, kwa hiyo yeye alipanga wahalifu wake kwa vijito walikozaliwa. Mtu wa Pigeon aliingia boksi la Pigeon, mtu wa Laurel boksi la Laurel, na mtu wa kuja akatupwa kwenye boksi lililoandikwa "Wengineo". Usipojua mtu alizaliwa wapi, rudi nyumbani ukalale.

Verlene alijua. Alifunga kitambaa puani, akawasha tochi, akalishughulikia boksi la Pigeon Jumanne yote iliyobaki. Alimkuta baba yake mkubwa, ambaye hakumtegemea, na alimkuta mzee wa kanisa mmoja aliyekamatwa na bata wa watu chini ya koti. Dorsey hakumwona. Jumatano akaingia boksi la Laurel, kwa kuwa mama yake Dorsey alitoka huko. Hakuna. Orpha alipiga simu mara sita.

"Vipi?"

"Bado, Shangazi."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama mpaka nimeanza kukohoa makaa."

Alhamisi alikata tamaa. Alikuwa anarudisha kadi za Pigeon mahali pake, akaamua, ilimradi tu asiseme hakujaribu, azipitie kwa tarehe badala ya majina. Juni, sitini na saba. Kadi ilikuwa moja tu, imekunjwa katikati kama kadi ya harusi, na unyevu wa miaka umezigandisha kurasa zake. Juu, picha ya kijana kakaza uso. Chini yake: chupa nne za gongo, chini ya kiti. Na jina: Begley, Estill.

Verlene alikaa chini, juu ya boksi la Wengineo. Kwanza alicheka peke yake mpaka tochi ikamponyoka.

Maana Estill Begley ni nani? Ni kaka yake Dorsey, miaka themanini na miwili, mchungaji wa kanisa la Pigeon tangu watu hawajajua televisheni ya rangi. Mtu aliyekataa dawa ya kikohozi kwa kuwa ina kilevi. Mtu aliyehubiri Jumapili tatu mfululizo dhidi ya mchezo wa karata. Haikuhitaji akili nyingi. Siku hizo vijana hawakutembea na vitambulisho, na askari alipouliza jina, Dorsey alitoa lililo safi kuliko yote aliyoyajua. Wamefanya hivyo wengi Tolby, ndugu kwa ndugu, binamu kwa binamu, na askari wakaandika tu.

Kisha kicheko kikaisha, hofu ikaingia. Kadi ilisema Estill, kwa hiyo daftari lingeandikwa Estill. Kesho saa mbili Burchell angesoma: Mchungaji Estill Begley, gongo, na mwombaji ni Orpha Begley. Na Orpha na Estill walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Toka mazishi ya Dorsey, ambako Estill alihubiri kwa saa mbili nzima bila chozi hata moja, Orpha alihama kanisa lake akahamia la ng'ambo ya barabara, na wakikutana dukani walirushiana vijembe kama watoto. Watu wangesema amefukua uchafu wa shemeji yake makusudi. Kwa upande mwingine, kutoa kadi kimya kimya bila kuandika ni jambo ambalo Verlene hakulifanya hata kwa damu yake mwenyewe.

Njia ya halali ilikuwa moja. Mwenye jina akija kuomba kumbukumbu yake mwenyewe, huandikwa kwenye daftari dogo la drooni, ambalo Burchell halioni. Kwa hiyo alimhitaji Estill. Baada ya kazi akawasha gari akapanda Pigeon.

Estill alikuwa barazani anamenya matufaha, ganda linashuka refu bila kukatika.

"Dada Verlene. Umekuja kwa kanisa au kwa sherifu?"

"Kwa ofisi, Ndugu Estill."

"Nimemuua nani?"

"Hujaua. Umesafirisha gongo."

Ganda likakatika. Mzee akatazama kijito.

"Kwa hiyo Ples aliitunza ile kadi," akasema.

"Kumbe unaijua!"

"Niliteswa nayo mwaka mzima, nitaachaje kuijua? Baba yake Orpha alikuwa ameapa mbele ya watu: akisikia tena jina la Dorsey limetajwa jela, harusi hakuna. Dorsey alikuwa hali wala halali kwa ajili ya yule binti. Amekonda mpaka suruali inashikwa kwa mkono. Basi akatoa jina langu. Mimi mwezi ule nilikuwa niwekewe mikono niwe mchungaji. Wazee wakaniita, wakaniuliza, Estill, ni kweli haya?"

"Ukasemaje?"

"Kusema ndiyo ni uongo. Kusema siyo ni kuvunja harusi. Nikanyamaza. Wakalificha jambo lisichafue kanisa, wakaniweka benchi la nyuma mwaka mmoja kamili, karibu na mlango, pamoja na mbwa wa mzee Lige."

"Na Orpha hajui?"

"Dorsey aliniapisha. Alisema akijua ataona aibu kila akinitazama. Nikafunga mdomo. Yeye akaona nimefunga mdomo, akasema nina majivuno, namwonea haya ndugu yangu." Akatupa ganda uani. "Na hata siku ya mazishi, ningeanza kulia nisingeweza kumaliza. Mtu lazima amalize ibada."

Verlene akamweleza alichokuja kukitafuta Orpha. Akamweleza kuhusu shati la bluu lisilo na mtu juu ya kola. Estill alisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi, halafu akajipangusa mikono kwenye suruali, jambo ambalo mkewe, Mungu amrehemu, asingelivumilia.

"Na mimi picha yangu ilikwenda na maji," alisema. "Nitakuja kesho."

"Njoo saa tano. Saa tano Burchell ameshaondoka. Unasaini daftari dogo, hakuna atakayejua."

"Sawa."

Ijumaa, saa mbili kamili, Burchell katia kidole kwenye mstari wa kwanza wa daftari, skonzi mdomoni, mlango ukafunguka. Estill. Suti nyeusi ya mazishi, tai, viatu vimepigwa rangi. Na kwenye benchi la ukutani alikuwa ameketi Orpha, aliyeambiwa naye aje saa tano lakini usingizi ulimkimbia tangu saa tisa usiku. Verlene alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na dirisha lake.

"Asubuhi njema, Burchell," Estill akasema.

"Njema, Ndugu Estill. Umepotea njia? Kanisa liko kule juu."

"Sijapotea. Nimekuja kuchukua kadi ya jela yenye jina langu. Mwaka sitini na saba. Gongo."

Kahawa ya Burchell ilipita njia isiyo yake. Alikohoa, akapaliwa, machozi yakamtoka, na hata hapo hakuondoa kidole kwenye daftari. Verlene akafungua droo haraka haraka.

"Ndugu Estill, kuna daftari hili dogo la wenyewe..."

"Na hilo la mnyororo lina kasoro gani?"

"Halina kasoro. Lina Burchell."

"Basi ndilo hilo. Shangazi zangu walinifundisha kuandika kwa herufi kubwa, hatahangaika na miwani."

Akamsogeza Burchell kwa kiwiko, akaandika jina lake taratibu, kosa lake, na mwaka wake, kisha akapulizia wino ukauke. Orpha alikuwa amesimama, mkoba umeanguka chini.

"Wewe?" alisema. "Gongo? Wewe uliyemnyima mkeo sharubati kwa kuwa imechacha?"

"Ingia ndani, shemeji."

"Siingii mpaka unieleze. Verlene, mimi niliomba Dorsey. Huyu sikumwomba. Huyu ninaye kila siku, hatua mia mbili."

"Ingia, Shangazi," Verlene akasema, akafungua mlango wa ofisi yake, akawaingiza wote wawili na kuufunga. Burchell alibaki upande wa pili kaganda, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu skonzi yake ilipoa.

Juu ya meza kadi ilikuwa tayari. Verlene aliwasha birika la kahawa, akasubiri mvuke, akaishika kadi juu yake kama afanyavyo kwa zote zilizogandamana, akiivuta ukucha kwa ukucha. Orpha hakuvumilia. Alivaa miwani, akainama juu ya ile picha ya nje.

Alitazama muda mrefu. Kisha mabega yakamshuka.

"Siye," alisema. "Huyu ni Estill. Tazama alivyonuna, kama mtu aliyeng'ata limau. Ni Estill mtupu." Akavua miwani. "Nimekuja bure, jamani. Siye mume wangu."

Verlene alihisi moyo umempasuka. Siku tatu za vumbi, na mzee wa watu kavaa suti, kwa ajili ya hili. Lakini Estill alikuwa amevuta kiti karibu.

"Ni yeye, shemeji. Ananiiga. Angesemaje yeye ni Estill Begley huku anachekacheka? Alikuwa akiniiga hivyo hivyo nyumbani, mama anacheka mpaka anashika mbavu. Subiri ifunguke. Zamani walipiga mbili, mbele na ubavu."

Kadi ikaachia, na picha ya pili ikajitokeza, ya ubavuni, safi, haijaguswa na mwanga tangu siku ilipobandikwa. Kijana alikuwa amegeuzwa ubavu, akadhani kazi imekwisha. Shavu limevimba kwa kicheko alichokibana, pembe ya mdomo imeponyoka, jino moja la juu linaonekana, na jicho linamtafuta mtu wa kumkonyeza.

Orpha akavaa tena miwani. Aliweka kidole kwenye lile shavu, akakiondoa, akakiweka tena. Halafu akaanza kucheka, na katikati ya kicheko kilio kikaingia, na hakuna aliyeweza kusema kipi kiliisha na kipi kilianza.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyu. Ona lile sikio! Nilikuwa nimelisahau sikio. Lilivyochomoza, mjinga huyu, nilikuwa nalivuta. Dorsey, jamani. Dorsey wangu."

Verlene naye alikuwa analia waziwazi, na Estill alikuwa amegeukia dirisha ambalo halina cha kutazama ila mapipa ya taka.

Orpha alipopata pumzi, akili yake, ambayo kweli ilikuwa nzima, ikaanza kufanya kazi.

"Sasa kwa nini yuko hapa kwa jina lako?"

Estill kimya. Miaka hamsini na sita kinywa kimezoea. Lakini Verlene hakuapishwa na mtu.

"Kwa sababu ya baba yako, Shangazi. Angesikia jina la Dorsey, ungeolewa na mtu mwingine."

"Na mwaka ule hukuwekewa mikono, Estill," Orpha akasema. " Mama aliniambia umekaa benchi la nyuma kwa kuwa umeshindwa maswali ya Biblia."

"Biblia haijawahi kunishinda," Estill akasema kwa hasira, bado anatazama mapipa.

"Mwaka mzima, shemeji? Kwenye benchi la nyuma? Kwa ajili yangu?"

"Si kwa ajili yako. Wewe wakati ule sikuwa nakupenda hata kidogo, ulikuwa na mdomo. Kwa ajili ya yule mpumbavu." Akageuka, na mashavu yake yalikuwa yamelowa mpaka kwenye tai. "Nilikuja kukupenda baadaye."

Orpha alimpiga na mkoba. Alimpiga mara mbili, begani, kwa kumficha jambo hilo miaka yote hiyo, kisha akamkumbatia, suti na yote, na mzee akasimama wima kama mti wa uzio asijue mikono aiweke wapi.

Kadi yenyewe haitoki ofisini, hiyo ni sheria. Verlene akazitoa nakala kwa mashine nzuri ya Sherifu Kirby, ile wasiyoruhusiwa kuigusa, mbele na ubavu kwenye karatasi moja, mara mbili. Orpha akatwaa mkasi mezani, akaikata yake katikati bila kuuliza mtu.

"Huyu wa mbele siye wangu. Mimi nachukua wa ubavuni."

Estill akamwomba Verlene mkasi, naye akaikata yake. Alibaki ameshika vipande viwili, akivitazama. Kile cha kununa akakitia mfuko wa koti. Kile cha kucheka akakitia mfuko wa shati.

"Kuna fomu, Ndugu Estill," Verlene akasema. Alikuwa anajikuna kwa hamu tangu jana. "Ya kusahihisha kumbukumbu. Nyinyi wawili mnasaini, natoa jina lako, naweka la Dorsey. Leo leo. Na Burchell nitamsomesha mwenyewe."

"Usiguse."

"Lakini ni kosa! Liko kwenye maboksi yangu!"

"Dada Verlene, miaka zaidi ya hamsini watu wakiniona wanaficha karata na kunyoosha mgongo. Unajua inavyochosha? Leo ndiyo mara ya kwanza Burchell amenitazama kama mtu mwenzake. Niachie hiyo gongo yangu."

Verlene akairudisha kadi boksi la Pigeon na jina la uongo, jambo lililomwasha kama upupu wiki nzima.

Burchell alifanya kazi yake. Saa tatu habari ilikuwa kituo cha petroli, na kufika jioni chupa nne zilikuwa mapipa arobaini na Estill alikuwa amewakimbia askari wa kaunti tatu. Jumapili kanisa la Pigeon, lililozoea watu kumi na wawili na kikohozi, lilijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Vijana waliokuwa hawajaonekana tangu wabatizwe walikuja na wake zao. Kelby alikuja na watoto watatu. Verlene aliacha kanisa lake siku hiyo, na Burchell aliwahi kiti cha mbele kabisa na kalamu sikioni.

Estill akapanda mimbarini, akawatazama kwa uso ule ule wa limau.

"Miaka hamsini nimewaita kwa Injili, hamkuja," alisema. "Mmekuja kwa chupa nne."

Kanisa likaangua kicheko, na alipokuwa anangoja kitulie, akamwona Orpha anaingia. Hakuwa amekanyaga pale tangu mazishi. Alikuja katikati ya njia polepole na fimbo yake, akapita mabenchi yote, watu wakimpisha na kunyamaza mmoja mmoja, maana kila mtu alijua hawapatani na kila mtu alitaka kusikia atakachosema. Alifika mbele. Angeweza kusema neno moja, jina moja tu, na lingemsafisha mzee yule mbele ya kaunti nzima. Estill alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana.

Orpha akamsogeza Burchell, akaketi.

"Haya hubiri, shemeji," akasema kwa sauti ya kanisa zima. "Jela umeshakaa, muda wa kupoteza huna."